Kidole Kilichomzika Mama Mkwe

Pale kliniki ya meno walimwita Kofuli, naye aliitika bila kinyongo. Jina hilo hakulipata kwa ukimya, maana mdomo wake haukujua likizo. Alilipata kwa kazi. Yeye ndiye aliyesimamia kompyuta za kliniki nzima: rekodi za wagonjwa, picha za meno, miadi ya madaktari, na maneno ya siri ya kufungulia vyote hivyo. Ukitaka kuona picha ya taya la mgonjwa asiye wako, sharti uende chumbani kwake, kile chumba chembamba kilichobanwa kati ya stoo ya glavu na mashine ya hewa, ukajieleze. Ukitaka kubadilisha kilichoandikwa jana, hata ujieleze mpaka mate yakukauke, jibu lilikuwa moja: "Ya jana yamekwisha, mpenzi. Andika ya leo, chini yake."

"Huyu mwanamke," dada wa mapokezi alipenda kusema, "ukimuuliza saa ngapi, naye anakuuliza unaitakia nini."

Kofuli alicheka kuliko wote. Alikuwa mtu wa kucheka, tena kicheko cha kupiga meza.

Nyumbani mambo yalikuwa matulivu zaidi. Aliishi na mumewe, fundi seremala, bwana mpole ambaye vumbi la mbao halikumtoka masikioni hata siku ya sherehe. Na tangu mwaka uliopita waliishi pia na mama mkwe, aliyefunga duka lake la ushonaji macho yalipoanza kugombana na sindano. Mama huyo alikuwa fundi wa maneno kama alivyokuwa fundi wa nguo. Hakusema ana njaa. Alisema utumbo umeshikana na mgongo. Akichoka kidogo, alitangaza kwamba amebaki mifupa. Wanawe walishamzoea.

Kofuli na mama mkwe hawakuwahi kukosana, lakini hawakuwahi pia kukaa wakaongea. Kulikuwa na heshima, tena heshima ya baridi. "Umeamkaje, mama?" "Salama, mkwe wangu. Na wewe?" "Salama." Basi, wakapishana ukumbini kama wapangaji wawili wanaoogopa kuombana chumvi. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye hapendi mazungumzo.

Ndipo akaja Chapuchapu.

Chapuchapu hakuwa mtu. Ilikuwa programu ya akili mnemba, moja ya zile zinazoitwa wakala kwa sababu haziishii kwenye kusema, zinatenda. Wagonjwa walituma ujumbe kwenye namba ya kliniki, wa kuandika au wa sauti, na Chapuchapu akausoma, akajibu kwa adabu, kisha akaingia kwenye rekodi na kufanya kilichotakiwa. Dada wa mapokezi ndiye aliyempa jina, siku ya kwanza tu, alipoona foleni ya ujumbe iliyokuwa ikimla asubuhi nzima imekwisha kabla hajamaliza chai.

Daktari mkuu, mwenye kliniki, alipagawa kwa furaha. Alikuwa mtu mnene mchangamfu, mwenye tabia ya kuimba puani huku akitoboa jino la mtu. Alimfuata Kofuli chumbani kwake.

"Kofuli, mpe funguo zote. Asome, aandike, abadilishe, afute. Tupumzike."

"Daktari, kusoma nampa hata sasa hivi," Kofuli akasema. "Anayesoma akikosea, amekosea kichwani mwake. Anayeandika akikosea, amekosea kichwani mwetu sote. Kwanza nimjue."

"Utamjua lini?"

"Daktari, wewe ukiajiri muuguzi mpya, siku ya kwanza unampa koleo la kung'olea meno?"

Daktari akajikuna kidevu, akacheka, akakubali. Wakapatana hivi: Chapuchapu atasoma apendavyo, ila kila anapotaka kugusa chochote, kikubwa au kidogo, ataomba kwanza kibali. Ombi litaingia kwenye simu ya Kofuli likiwa na vitufe viwili, Kubali na Kataa. Na kwa kuwa Kofuli hakutaka siri za wagonjwa zionekane ovyo kwenye simu, aliagiza maombi yaonyeshe namba ya mgonjwa tu, bila jina.

Siku ile alirudi nyumbani akitembea kwa madaha. Aliona amefunga mlango barabara.

Asichokijua ni kwamba mlango unaogongwa kila mara, mwenye nyumba huishia kuuacha wazi. Simu ilianza kulia. Naomba kibali kusogeza miadi ya mgonjwa fulani. Kubali. Naomba kibali kurekebisha herufi moja katika anwani. Kubali. Naomba kibali kuweka alama kwamba mgonjwa amepiga mswaki. Kubali, jamani! Simu ililia akiwa mezani, ikalia akiwa saluni kichwa ndani ya beseni, ikalia akiwa amejifungia chooni. Wiki za mwanzo alisoma kila ombi neno kwa neno, na yote yalikuwa sawasawa. Ndiyo yaliyomponza. Chapuchapu hakukosea leo, hakukosea kesho, na kidole cha Kofuli kikaanza kujua njia chenyewe, bila kuyasubiri macho.

"Hivi umeolewa na mimi au na hicho kitu?" mumewe alimuuliza jioni moja, alipomwona anakoroga chungu kwa mkono wa kulia na kukubali kwa wa kushoto.

"Kazi, baba. Kazi."

Hatimaye alijiongezea kitufe cha tatu: Kubali Yote.

Sasa, mama mkwe alikuwa mgonjwa wa kliniki hiyohiyo. Jumanne daktari alimtoboa jino la nyuma, akaliziba kwa dawa ya muda, akampangia arudi Alhamisi. Asubuhi ya Jumatano Kofuli alimkuta jikoni, shavu limevimba kama amelificha andazi, amejifunga kitambaa cheupe kutoka kidevuni hadi utosini.

"Pole, mama. Nikupeleke?"

"Nenda kazini, mkwe wangu. Likizidi nitawapigia."

Kofuli alisitasita mlangoni. Alitaka kusema neno, hakujua lipi, akaenda.

Jino likazidi. Mama mkwe akachukua simu, akaitafuta namba ya kliniki, akazungumza kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Haloo, kliniki. Mwambieni daktari lile jino limeniua. Tangu alfajiri mimi ni maiti, imebaki kuzikwa tu. Na ile miadi ya Alhamisi ifuteni, maiti haendi kliniki. Ahsanteni." Baada ya kuwasomea shtaka lao moyo ukatulia kidogo. Akameza dawa ya maumivu, akajilaza, akalala usingizi wa pono.

Chapuchapu alisikiliza ujumbe ule kwa makini yote aliyopewa. Akaona neno kuua, akaona maiti, akaona kuzikwa. Kwake hapakuwa na utata. Akatuma ombi: mgonjwa namba fulani amefariki, naomba kibali kubadilisha hali yake, kufuta miadi yake, na kuwapa pole ndugu wa karibu.

Wakati huo Kofuli alikuwa chini ya meza ya mapokezi, amelala kifudifudi, anatafuta waya wa printa. Simu ikalia. Akaitazama kwa jicho moja: maombi kibao, la kwanza lilihusu herufi iliyokosewa. Akabonyeza Kubali Yote, akaendelea na waya wake.

Bado alikuwa huko chini simu ilipolia tena. Safari hii ni mumewe, na alichosikia kwanza ni kwikwi.

"Mbona hukuniambia mwenyewe?" mumewe akasema. "Mpaka niambiwe na kliniki?"

"Kuambiwa nini, baba?"

"Mama! Mama amefariki! Ujumbe wenu huu hapa!"

Akausoma huku sauti ikimkatika: "Uongozi na wafanyakazi tunaungana nawe katika majonzi ya kuondokewa na mama yako mpendwa. Kumbuka kupiga mswaki asubuhi na jioni kwa tabasamu lenye afya."

Kofuli aliinuka ghafla, akajigonga kichwa kwenye meza, hata hakuhisi. Kitu cha kwanza kilichomjia ni lile shavu lililovimba, na neno ambalo hakulisema mlangoni. Akapiga simu nyumbani. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Hola. Akafungua orodha ya maombi aliyoyakubali, akaona la kifo na namba ya mgonjwa.

"Una nini?" dada wa mapokezi akauliza.

"Fungua namba hii. Haraka."

Dada akafungua. Jina la mama mkwe likatokea, na juu yake ukanda mwekundu: amefariki. Chini, kwa maandishi madogo: kibali kimetolewa na msimamizi wa mfumo. Pembeni kulikuwa na ujumbe wa sauti. Wakausikiliza pamoja. Ulipofika kwenye maiti haendi kliniki, dada wa mapokezi alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Kofuli hakungoja mwisho. Alishakimbilia barabarani kutafuta teksi, waya wa printa bado unaning'inia begani.

Huko nyumbani, mambo yalikuwa yamemtangulia. Seremala alipolia, mafundi wenzake walitupa randa na misumeno, wakampakia kwenye gari la mbao na kuja naye. Wifi yake Kofuli, ambaye naye alipata ule ujumbe wa pole na mswaki, alitoka saluni nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama kama imeona simba. Majirani waliposikia kilio wakajaa uani. Mmoja alishaanza kupanga viti.

Kelele zile ndizo zilizomwamsha mama mkwe. Akafungua mlango, akatokea kizingitini: uso umevimba, macho mekundu ya usingizi, na kile kitambaa cheupe kimemkaza taya hadi utosini, vilevile kama wafungwavyo wale wasiokuwa na safari ya kurudi.

Ua ukalipuka. Aliyekuwa akipanga viti aliruka kimoja na kuangukia kingine. Fundi mmoja, jitu la miraba minne, alipanda juu ya gari la mbao na kukataa kushuka.

"Nani kafa?" mama mkwe akauliza, maneno yakipita kwa taabu pembeni mwa mdomo.

Wifi akasema kwa sauti ndogo, "Wewe, mama."

"Mimi? Lini? Na mbona sikuambiwa?"

Seremala alimrukia mama yake, akamkumbatia hadi kitambaa kikalegea. Hapo ndipo Kofuli aliposhuka kwenye teksi. Alimwona mama mkwe amesimama kwa miguu yake mwenyewe, na machozi aliyoyazuia njia nzima yakamwagika mbele za watu. Angeweza kunyamaza, aiachie mashine lawama. Lakini alimwendea mumewe, akasema wazi:

"Chapuchapu ndiye aliyeomba. Kibali nilikitoa mimi."

"Ulikubali mama afe?"

"Nilikubali bila kusoma. Yeye na herufi iliyokosewa, kwa pamoja."

Watu walimtazama mama mkwe kuona atalipokeaje. Mama akamwangalia Kofuli, akamwangalia kuanzia waya wa begani hadi viatu, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Alicheka akishika shavu, akilia "aii!" kwa jino na kucheka tena.

"Wenzangu wana wakwe wanaowaombea wafe kimoyomoyo," akasema. "Wangu kanitolea kibali! Msinichekeshe jamani, jino!"

Basi ua wote ukaangua kicheko, na jitu la miraba minne likakubali kushuka.

Jino, hata hivyo, halikujua mzaha. Kofuli akampandisha mama mkwe teksi ileile. Kliniki wakapokewa kwa vifijo, lakini dada wa mapokezi alipojaribu kumpa nafasi ya kuonana na daktari, kompyuta ikagoma: mgonjwa huyu ni marehemu, hawezi kupangiwa huduma.

"Iambie marehemu anaumwa," mama mkwe akasema.

Dada akajaribu kuirudisha hali ya zamani. Hakukuwa na kitufe. Aliyetengeneza mfumo hakuwaza kwamba kuna mtu atafariki kisha aghairi. Daktari mkuu akatoka mwenyewe na barakoa kidevuni, akamshika mama mkwe mkono, akampeleka kitini. "Kwangu mimi, anayesema aii ni mzima," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuimba akitoboa. Kofuli akajifungia na nakala ya akiba ya rekodi, akatoa humo taarifa za mama mkwe kama mtu anayeokota lulu kwenye mchanga, akazirudisha zilipokuwa. Mama alipotoka kitini, shavu limekufa ganzi, tayari alikuwa amefufuka hata kwenye kompyuta.

Kofuli, daktari na dada wa mapokezi walipobaki peke yao, daktari aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, uso umemshuka.

"Tumtoe," akasema. "Chapuchapu aende zake. Tusije tukazika mji mzima."

"Hapana," Kofuli akasema, na dada wa mapokezi akageuka kumtazama kama amesikia vibaya. "Kosa halikuwa la kumpa mikono. Kosa nimempa mikono yote sawa. Kidole kinachosogeza miadi na kidole kinachomwandika mtu marehemu vilipita mlango mmoja, kwa kitufe kimoja. Nimeulizwa mia nisiyohitaji kuulizwa, mpaka ile moja niliyohitaji ikapita nimelala."

Wakakaa kufikiri, na mazungumzo yakanoga. Daktari alikuwa na mawazo mazuri, na dada wa mapokezi, aliyewajua wagonjwa kwa sauti zao, alikuwa na mengine. Kusogeza miadi, wakaona, Chapuchapu afanye bila kuomba, mradi mgonjwa ajulishwe na kurudisha nyuma kuwe rahisi. Herufi arekebishe, ila ya zamani ibaki imehifadhiwa. Kufuta wakamwondolea kabisa.

"Kabisa kabisa?" daktari akauliza.

"Kabisa. Si kwamba aombe. Asiwe nacho. Asichonacho mkononi hatakitumia hata akikosea. Kitu kikitakiwa kuondoka, akifiche, na mmoja wetu akiangalie baadaye."

"Na kifo?" dada akauliza.

"Kifo atuambie tu. Wewe unapiga simu, unasikia sauti ya mtu. Na ujumbe wowote wa pole unaandikwa na binadamu."

"Bila mswaki," daktari akasema.

"Bila mswaki."

Kwa machache yaliyobaki ya kuombewa kibali, Kofuli alipanga ombi lije moja moja, likiwa na maneno ya mgonjwa mwenyewe, na hali ilivyo sasa na itakavyokuwa baadaye, na lisomwe kwenye kompyuta ya kazini, si simuni kando ya chungu. Kitufe cha Kubali Yote alikifuta mwenyewe, kwa raha.

Simu yake ikanyamaza. Jioni mbili tatu mumewe alimtazama kwa wasiwasi, akauliza kama amefukuzwa kazi.

Lakini jambo lililobadilika zaidi lilikuwa kwingine. Kabla ya kumrudisha Chapuchapu kwa wagonjwa, Kofuli alitengeneza nakala ya majaribio yenye wagonjwa wa kubuni, amjaribu humo kwanza. Alihitaji ujumbe wa kumtega, na alipoketi kuuandika ukamtoka mkavu kama taarifa ya serikali. Akainua macho. Mama mkwe alikuwa sebuleni, anamwambia wifi kwenye simu kwamba jua la leo limemkaanga kama kitumbua.

"Mama," Kofuli akamwita. "Njoo unisaidie. Nataka uumwe."

"Niumwe vipi?"

"Vyovyote. Kwa maneno yako."

Mama mkwe akavuta kiti, akaisogeza simu ya majaribio mdomoni, akakohoa kidogo kama mwimbaji. "Daktari, jino hili limenionyesha nyota mchana. Roho iko mkononi. Ufizi unawaka moto, nyumba nzima hatulali." Chapuchapu akafikiri, akajibu kwamba anasikitika, akapendekeza miadi ya kesho asubuhi, kisha akampelekea dada wa mapokezi alama: sina hakika kama nyumba inaungua, tafadhali piga simu.

Wakacheka hadi machozi. Mama mkwe akataka kujaribu tena, na tena. Akamtukana Chapuchapu kwa mafumbo, akamwomba amfute kwenye vitabu vya dunia, akajifanya bibi kiziwi, akajifanya mume mwenye wivu. Kila alipopata mwanya, Kofuli aliuziba, na kila alipouziba, mama alitafuta mwingine. Katikati ya hayo wakajikuta wanaongea ya kwao: jinsi mama alivyoanza kushona akiwa binti, wateja wake wakorofi, jinsi Kofuli alivyomwogopa siku ya kwanza kuletwa nyumbani.

"Uliniogopa mimi?" mama mkwe akashangaa. "Mimi nilikuogopa wewe! Msomi wa kompyuta. Nilisema nikifungua mdomo ataniona mshamba."

Daktari mkuu alipouona uzuri wa majaribio yale, alimshukuru mama kwa kumsafishia meno yote bure, na sifa zikatembea. Haukupita muda mrefu, kliniki ya macho ya ng'ambo ya barabara, iliyokuwa inataka kuajiri wakala wake, ikamwomba Kofuli aje awashauri mikono ipi wampe na ipi wamnyime.

"Nitakuja na mtaalamu wangu," Kofuli akawajibu.

Siku hiyo mama mkwe alivaa gauni alilolishona kwa macho yake ya zamani, akachukua mkoba wa mkononi, akataka wafike mapema. Walivuka barabara wameshikana mikono. Mbele ya mlango wa vioo akasimama, akamvuta mkwe wake pembeni.

"Ngoja kwanza," akanong'ona. "Mtu akiumwa macho husema nini? Jicho limetoka nje? Dunia imezimwa?"

"Sema lolote, mama."

"Basi leo wataniona," mama mkwe akasema, akarekebisha mkoba, akaingia wa kwanza.